Maswali na Majibu: Kubuni Amplifaya za Nguvu Kubwa Sana

Nina saketi ya amplifaya ya wati 100 inayofanya kazi vizuri. Je, nikiongeza volti za pawasaplai nitapata wati 1,000?

Kwa hesabu tupu inawezekana, kwa sababu nguvu huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti, hivyo nguvu mara kumi zinahitaji volti mara tatu na kidogo tu. Wati 1,000 kwenye spika ya omu 8 ni volti 89 za mkondo geu, ambazo kilele chake ni volti 126, na pawasaplai italazimika kutoa takriban volti 135 upande wa chanya na nyingine 135 upande wa hasi. Tatizo huanzia hapo. Transista iliyozimika hubeba karibu jumla ya pande zote mbili, yaani zaidi ya volti 250, na hicho ndicho kikomo cha transista nyingi za kutolea sauti, ikiwemo MJL21194 inayopendwa na mafundi.

Njia ninayoipendelea ni kuunganisha amplifaya mbili kwa daraja, moja ikisukuma spika wakati nyingine inaivuta. Kila moja hutosheka na volti 70 hivi kila upande, ingawa huiona spika ya omu 8 kana kwamba ni ya omu 4. Kumbuka tu kwamba katika mpangilio huo hakuna waya wa spika unaoruhusiwa kugusa graundi.

Transista moja imeandikwa wati 200. Kwa nini tano zisitoshe kwa wati 1,000?

Wati hizo 200 si za sauti. Ni joto ambalo transista inaweza kulihimili, tena gamba lake likiwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, hali ambayo haitokei ndani ya amplifaya inayofanya kazi. Karatasi ya vipimo ya MJL21194 inaonyesha kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza wati 1.43, kwa hiyo gamba likifika nyuzi 80 hubaki wati 121 tu.

Jambo la pili ni spika yenyewe, ambayo si rezista. Kwa mzigo wa omu 4 ulio rezista tupu, kilele cha joto katika kila nusu ya daraja letu la volti 70 ni kama wati 306; lakini spika inapochelewesha au kuwahisha mkondo kwa nyuzi 45 za mzunguko wa wimbi (si za joto), transista hujikuta zinapitisha mkondo mkubwa zikiwa bado zimebeba volti nyingi, na kilele hicho hupanda hadi karibu wati 870. Kilele hicho ni cha muda mfupi sana, lakini transista haihitaji muda mrefu kufa. Ndiyo maana mimi nisingeshuka chini ya jozi sita za transista kwa kila nusu ya daraja, kila transista ikiwa na rezista yake ya emita ya kati ya omu 0.22 na 0.47 ili zigawane mkondo kwa usawa. Aidha, usipime joto kwa sauti ya juu kabisa pekee: amplifaya ya aina ya B, ambamo transista moja hushughulikia nusu chanya ya wimbi na nyingine nusu hasi, hupata joto kali zaidi inapotoa takriban asilimia 40 ya uwezo wake.

Je, amplifaya ya aina ya D, ambayo transista zake huwashwa na kuzimwa kwa kasi kama swichi, ni bora kweli?

Kwa nguvu hizi, ndiyo. Aina ya B haiwezi kuvuka ufanisi wa asilimia 78.5 hata kinadharia, ilhali aina ya D hupita asilimia 90 kwa vitendo. Ugumu wake umo katika ubao: njia fupi kati ya kapasita na transista ni sehemu ya saketi, na ukiirefusha kwa sentimita chache utaona volti zikiruka kupita kikomo. Vilevile, aina ya D isiyo ya daraja hurudisha nishati kwenye pawasaplai wakati wa besi nzito na kupandisha volti za upande wa pili.

Rilei yangu (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya kulinda spika iliungua ikashikana. Nilikosea wapi?

Rilei nyingi zilizoandikwa volti 250 za mkondo geu zinaruhusiwa volti 30 tu za mkondo mnyoofu, kwa kuwa mkondo mnyoofu haupiti sifuri na cheche yake haizimiki. Badala yake tumia mosfeti mbili (transista zinazofanya kazi kama swichi) zilizopangwa kinyume, na uhakikishe kwamba hitilafu inakata pia pawasaplai.

Nitoke wati 1,000 niende 2,000?

Utapata desibeli 3 tu. Tafuta kwanza spika yenye usikivu mkubwa zaidi, yaani inayotoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile.

Niwashe vipi mara ya kwanza?

Bila spika, na ukiwa umeunganisha balbu ya kizamani yenye waya unaowaka ndani kwa mfululizo na umeme wa ukutani; ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zima na utafute kosa. Weka rezista za kumwaga chaji kwenye kapasita kubwa, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa chochote, kwa sababu volti 140 kati ya chanya na hasi zinaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.