Modemu ya USB inayopokea simu na kuongea yenyewe

Dada, uliuliza kama simu ya duka inaweza kujipokea na kumwambia mteja "bonyeza 1 kwa bei, 2 kwa oda". Inawezekana kabisa. Modemu ya Huawei kama E173 inatosha, ila kagua kwanza kama inabeba sauti, maana nyingine zimefungwa ziwe za data tu. Ichomeke kwenye kompyuta ya Linux, fungua minicom (programu ya kuiandikia modemu amri), andika AT^CVOICE? halafu usome jibu. Ukiona jibu linaloanza na ^CVOICE:0 sauti ipo. Ukiona ERROR, tafuta nyingine.

Ondoa PIN kwenye laini, kisha weka Asterisk (programu ya kuendesha simu kwenye kompyuta) pamoja na chan_dongle, kiunganishi chake na modemu. Ndani ya dongle.conf, faili ya mipangilio ya modemu, mara nyingi audio ni /dev/ttyUSB1 na data ni /dev/ttyUSB2.

Kwenye extensions.conf, faili inayoiambia Asterisk ifanye nini simu ikiingia, panga hivi: Answer (pokea), Wait(1) (subiri sekunde moja), Background (cheza maelezo), WaitExten (subiri mteja abonyeze namba). Tumia Background, si Playback, kwa sababu Playback haisikilizi namba anazobonyeza mteja. Hiyo Wait(1) usiiache, tafadhali. Mimi niliiacha, wateja wakawa wanasikia "...ribu dukani kwetu", neno la kwanza limekatwa.

Maelezo yako yarekodi mahali patulivu, uyahifadhi kama WAV ya 8000 Hz, biti 16, mono. Faili ya 44100 Hz iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ilinipotezea jioni nzima, Asterisk ikawa kimya tu.

Ukitumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), modemu ipitishe kwenye hab ya USB yenye umeme wake. Na modemu moja hupokea simu moja kwa wakati mmoja.