Usiache kazi kwanza

Wadogo zangu mnaotaka kuandika hadithi za vijana, mnaniuliza sana kama mwache kazi ili muandike. Huwa nawajibu kwa habari za Walter Dean Myers, mwandishi wa vitabu vya vijana, Mmarekani Mweusi aliyekulia Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York.

Alizaliwa 1937 huko West Virginia. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na Herbert na Florence Dean. Florence ndiye aliyemfundisha kusoma, tena kwa magazeti ya mapenzi (kwa hiyo anayekucheka kwa unachosoma, mwache acheke). Shuleni ulimi ulikuwa mzito, wenzake wakimcheka naye akijibu kwa ngumi, mpaka mwalimu mmoja akamshauri ajiandikie cha kusoma mbele ya darasa, kwa maneno anayoyaweza. Akaanza mashairi.

Sekondari hakumaliza. Alipotimiza miaka 17 akaingia jeshini. Alipotoka akafanya kazi posta, ujenzi, ofisini, huku akiandika na kutuma magazetini. Mwaka 1968 akashinda shindano la waandishi wa vitabu vya watoto, na 1969 kitabu chake cha kwanza kikatoka. Hesabuni: tangu aingie jeshini ni kama miaka 15. Riwaya yake ya kwanza ya vijana ilitoka 1975, na hata hapo bado ni mwajiriwa, mhariri wa vitabu. Hakuiacha kazi; mwaka 1977 kazi ndiyo iliyomwacha.

Mimi niliacha. Nilikuwa na mswada mmoja tu, nikajiona nimefika. Mhariri akanirudishia na swali moja: "Hawa ni watoto wa wapi?" Kweli, niliwaweka kwenye mji nisiowahi kuukanyaga, kwa kudhani kwetu hakuna la kusimulia. Myers naye alikwama hapo, mpaka aliposoma hadithi ya James Baldwin, mwandishi mwingine Mmarekani Mweusi, inayotokea Harlem. Alisema ilimpa ruhusa ya kuandika mtaa wake. Baadaye alijiwekea kurasa tano kwa siku, akaacha vitabu zaidi ya 100. Mimi nina kurasa mbili kwa siku, kabla ya daladala.

Na nyumbani msisubiri makofi. Jina la Dean alilichukua kwa heshima ya waliomlea, lakini Herbert hakuwahi kumwambia neno kuhusu vitabu vyake, na lilimuuma. Mzee alipofariki ndipo Walter akagundua kwamba baba huyo hakujua kusoma.