Re: Mtoto alishapona saratani, kwa nini bado apimwe moyo?

Dada, pole kwa safari hiyo na hongera mwanao kumaliza matibabu. Umeuliza kwa nini daktari anataka apimwe moyo wakati saratani ya damu imeisha na anacheza vizuri. Daktari yuko sahihi kabisa, usimwache.

Jibu limetokana na utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1994 chini ya mtafiti Leslie Robison. Walifuatilia maelfu ya watu waliougua saratani utotoni, wakiwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja. Matokeo yaliyotolewa 2006 yalionyesha kwamba katika watu 10,397 waliopona, asilimia 62.3 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja sugu, na asilimia 27.5 walikuwa na tatizo kubwa au la kuhatarisha maisha. Na wengi bado walikuwa vijana!

Kwa moyo, ya kuangaliwa sana ni dawa kama doksorubisini, ile nyekundu ya dripu. Inaweza kudhoofisha misuli ya moyo kimyakimya, dalili zikaja miaka mingi baadaye. Kadiri jumla ya dozi ilivyokuwa kubwa, ndivyo hatari inavyopanda, na mionzi ya kifuani inaongeza. Si kila mtoto atapata shida, ila eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) huona mabadiliko mapema, kabla hajaanza kuchoka au kuvimba miguu.

Omba hospitali ikuandikie majina ya dawa zote, jumla ya dozi, na kama alipigwa mionzi, sehemu gani. Karatasi hiyo itunze hadi awe mtu mzima, ataihitaji.