Grafu ikigoma, anza na safu

Kwa mnaoanza kazi ya takwimu huku Nyanda za Juu Kusini, uwe field Uyole, utafiti wa shahada Iringa au mradi wa viazi Njombe: grafu ikigoma, usikimbilie skripti ya kuchora. Angalia kwanza data imehifadhiwaje. Mara nyingi amri ya grafu haina kosa, imechora ilichopewa.

Chukua safu (kolamu) ya mavuno. Mdadisi mmoja kaandika 12, mwingine "gunia 12" kwa sababu mkulima ndivyo alivyojibu. R, programu ya takwimu, ikikuta neno hilo moja, safu nzima inakuwa maandishi. Ukichora, mhimili unajipanga 1, 10, 100, 2, nawe unahangaika na rangi. Anza na str(), amri inayokuonyesha aina ya kila safu. Ukiona chr (maandishi) ulipotarajia num (namba), umeshampata mchawi.

Ila as.numeric(), ya kugeuza safu kuwa namba, nayo uiendee taratibu. Safu ikiwa faktori, yaani makundi (ngazi) ambayo R imeyapa namba zake ya ndani kwa ndani, itakurudishia namba za ngazi zake, siyo kilo wala gunia. Ipitishe kwanza as.character(). Mtego huu uko sana kwenye skripti za kurithi. Kabla ya toleo la R 4.0.0 la mwaka 2020, read.csv(), amri ya kusoma faili la data, iligeuza maandishi kuwa faktori bila kuulizwa, kwa hiyo skripti ya zamani inaweza kukupa majibu tofauti leo na hakuna aliyeigusa.

Wa Stata, programu nyingine ya takwimu, nao wana lao. Ukiunda safu ya namba kwa amri ya generate bila kutaja aina, kwa kawaida inakuwa float, aina ya namba ambayo ina uhakika wa namba kamili hadi 16,777,216 tu. Namba ya kaya yenye tarakimu tisa inakadiriwa kimyakimya, na kaya mbili za Rungwe zinajikuta na utambulisho mmoja. Tumia long au double, aina zinazobeba namba ndefu zaidi, au maandishi. Halafu ile nukta ya thamani inayokosekana, Stata inaihesabu kubwa kuliko namba zote: ukiandika mvua > 100, siku ambazo hakuna aliyepima nazo zinaingia.

Mvua yenyewe ndiyo huwaumbua wengi. Miezi ikiwa maandishi hupangwa kialfabeti, Agosti, Aprili, Desemba, Februari, na mstari unapinda kama barabara ya Kitonga. Kwenye R, taja mpangilio mwenyewe ndani ya factor(), lakini usianze na Januari kwa mazoea. Huku mvua ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Ukianza Januari, msimu unakatika vipande viwili, na msomaji asiyeijua Mbeya atadhani tuna vuli na masika. Anza Julai. Hata jumla zipige kwa msimu, 2022/2023, maana jumla ya mwaka wa kalenda inachanganya mahindi ya misimu miwili tofauti.

Mengine ni madogo. Ndani ya for, amri ya R ya kurudia kazi, grafu ya ggplot haionekani bila print(). Ukifungua faili la picha kwa png() bila kulifunga kwa dev.off(), picha haikamiliki. Faili ghafi usilihifadhi upya kwa Excel, litapoteza sifuri za mwanzo kwenye namba za simu.

Ukikwama na unataka msaada, tuma mistari michache ya data, matokeo ya str() na ujumbe wa kosa ulivyo, kwa maandishi, siyo picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Na majina ya wakulima yatoe kwanza.