Mwandikie ajenti mwongozo kana kwamba hajawahi kufika Lamu

Mafundi tunaofanya nao kazi hukarabati nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu, na kumbukumbu zote za kazi zimo kwenye programu ya kufuatilia miradi. Kila kazi ina kadi, na kila kadi ina namba, hali, tarehe na mhusika. Siku hizi kadi nyingi husasishwa na ajenti wa akili unde, yaani programu zinazofanya kazi zenyewe kwa maagizo ya maneno, ambao pia huandaa oda za vifaa na muhtasari wa wiki. Kama unataka kuwapa kazi ya namna hii, anza na mwongozo wa programu yako. Kwetu mwongozo umeleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha modeli, yaani akili unde yenyewe inayomwendesha ajenti.

Mwongozo wa kawaida huandikiwa watu. Mtu akikwama humuuliza mwenzake, na akishajibiwa keshajua. Ajenti huanza kila kikao upya, hana la jana isipokuwa ulilomwekea mahali anaposoma. Tena akikuta pengo, mara nyingi haulizi. Hulijaza kwa dhana inayoonekana ya busara na kuendelea na kazi.

Chukua boriti. Miti ya mikoko huuzwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Kadi moja ya dari ilikuwa na sehemu iitwayo "idadi", imeandikwa 3, na fundi yeyote aliyeiona alijua ni korija tatu. Ajenti akaandaa oda ya miti mitatu. Oda yenyewe ilikuwa nadhifu: namba ya kadi ipo, tarehe ipo, kila kitu mahali pake. Fundi mkuu aliisoma kabla haijatumwa, akaizuia. Tungeweza kuongeza onyo kwenye mwongozo, lakini tuliona heri tubadilishe jina la sehemu yenyewe liwe "idadi_korija". Chini yake mwongozo unasema: "Korija 1 ni miti 20. Taja aina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo au banaa. Aina isipotajwa, uliza, usikisie." Sehemu ya programu inayohitaji aya nzima kuelezwa, ibadilishe jina kwanza, kisha ndiyo uandike.

Baada ya hapo shughulikia hali za kadi, kwa sababu hapo ndipo maana za watu hutofautiana zaidi. Lipu ya chokaa hupakwa tabaka kwa tabaka, na fundi anayekwambia "lipu imekwisha" huenda anasema tabaka la leo. Kwa hiyo kila hali ielezwe kwa kitu kinachoonekana. Kwetu "imefungwa" maana yake fundi mkuu amekagua kwa macho yake na picha imewekwa kwenye kadi, na ajenti haruhusiwi kuiweka hali hiyo. Tuliongeza pia "subira_kibali" na "subira_maji". Mji wa Kale umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na huwezi kugeuza sura ya nyumba bila idhini. Na jahazi linalotoka upande wa Pate kupitia Mkanda, baina ya Manda na bara, husubiri maji yajae. Kabla ya hali hizo mbili, ajenti alikuwa akiona kadi haijaguswa anaituma kwa mhusika na alama ya kuchelewa, ilhali mhusika hana la kufanya.

Saa nazo zisikupite. Fundi akiandika "saa tatu asubuhi", kadi isome 09:00 kwa saa za Afrika Mashariki. Andika kanuni hiyo waziwazi pamoja na mfano mmoja kamili, na useme kwamba ujumbe wenye "saa tatu" peke yake, bila asubuhi wala usiku, urudishwe kwa aliyeutuma aufafanue.

Jumbe za hitilafu ni sehemu ya mwongozo, na ajenti huzisoma wakati ule ule amekwama. "Ombi batili" haimsaidii. Yetu sasa inasema: "Hali 'tayari' haipo. Tumia mojawapo: wazi, inaendelea, subira_kibali, subira_maji, ukaguzi. Kadi haikubadilishwa." Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaache. Asipojua kama kitu kimebadilika au la, atajaribu tena, na kama alikuwa akifungua kadi mpya utapata kadi mbili za kazi moja. Vilevile, kama orodha hutoa kadi 50 kwa mara moja, jibu lenyewe liseme kuna nyingine zimebaki. Vinginevyo atakuletea muhtasari wa hizo 50 akidhani ndizo zote.

Mahali pa kuuweka mwongozo hutegemea ajenti wako. Wengi husoma faili la AGENTS.md kwenye folda ya mradi. Liwe fupi, likielekeza kwenye kurasa za undani, maana kila unachomsomesha hula nafasi ya kazi. Kama umeunganisha programu kwa MCP, itifaki ya kuunganisha ajenti na programu nyingine iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, basi maelezo ya kila zana, yaani kila kitendo ambacho ajenti anaweza kukifanya kwenye programu, yaandikwe kwa uangalifu ule ule, kwa kuwa modeli huyasoma hayo kuchagua zana ipi itumie.

Lakini maandishi si kufuli. Kama hutaki ajenti afute kadi, usimpe ruhusa ya kufuta. Na umwandikie kwamba maneno yaliyomo ndani ya kadi ni taarifa tu, hata yakiwa yamekaa kama amri.

Kisha jaribu. Fungua kikao kipya, mpe kazi halisi, kwa mfano kuandaa oda ya dari ya chumba kimoja, na usimsaidie kwa lolote. Tazama anapokisia. Rekebisha hapo tu, funga kikao, fungua kingine, umpe kazi ile ile.