Mpinzani anadai sikutokea, nami nilikuwepo saa 2 kamili

Pole sana ndugu kwa mechi hiyo ya ligi ya sataranji mtandaoni. Ulimwandikia "Jumamosi 2:00" ukimaanisha saa 2 usiku, yeye akakungoja saa 8 mchana. Yalinikuta hayo hayo, timu ikapoteza pointi.

Mwone nahodha wako leo, kabla raundi haijafungwa, umpe picha ya mazungumzo. Usibishane na mpinzani.

Safari ijayo andika kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia): "Jumamosi 17:00 UTC", ndiyo saa 2 usiku kwetu. Mpe nafasi tatu za muda achague, na akijibu "sawa" tu, mwombe arudie saa yenyewe. Kwa wapinzani wa Marekani na Ulaya, kuwa makini sana Machi, Oktoba na Novemba: wao husogeza saa, sisi hatusogezi. Na mchezo wa 45+45 (dakika 45 kwa kila mchezaji, na sekunde 45 za nyongeza kila hatua) ukifika hatua 60 unakula karibu masaa matatu, usianze saa 5 usiku.