Kwa wewe unayeanza kushika breki za magari

Mdogo wangu, gari likiletwa na dereva akasema "breki hazishiki", usikimbilie jeki. Muulize kwanza pedali ilifanyaje. Ilizama hadi chini? Ilikuwa ngumu lakini gari halisimami? Ilitetemeka mguuni? Kila jibu lina ugonjwa wake, na ukianza kufungua matairi kabla ya kuuliza utabadilisha vifaa vizima ukaacha kibovu.

Nakupa mfano wa hapa kwetu Iringa, maana Mlima Kitonga umetufundisha mengi. Dereva anashuka kuelekea Morogoro, gari ni la otomatiki, gia kaiacha kwenye D, mguu uko kwenye breki tangu kona ya kwanza. Katikati ya mteremko pedali inazama yote. Anavuta hendibreki, Mungu bariki anafanikiwa kusimama kando. Akipumzika muda, anakanyaga tena: breki zimerudi, kama hakuna kilichotokea.

Mara ya kwanza kuletewa gari la namna hiyo nilikagua pedi, vile vibao vinavyobana diski ya tairi, nikakuta nene. Hakuna panapovuja. Pedali iko juu na inashika vizuri. Nikamwambia mzee mwenye gari kuwa gari lake ni zima. Fundi aliyekuwa akinifundisha akanisikia, akaja, akamuuliza swali moja tu: "Mzee, mafuta ya breki ulibadilisha lini?" Tangu alinunue gari, miaka mitano, hakuwahi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu, joto la diski linapita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta, yanachemka, na mvuke unajaa kwenye kalipa, kile kibano chenye pistoni zinazosukuma pedi. Mvuke unabonyea. Mguu wa dereva unaubana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Gari likipoa mvuke unarudi kuwa maji na ushahidi unapotea, ndiyo maana mimi sikuona kitu. Ningemruhusu yule mzee aondoke na familia yake, angerudi kwenye mlima uleule na mafuta yaleyale. Hadi leo nikilikumbuka gari lile nasikia baridi. Tulimwaga mafuta yote ya zamani, tukajaza mapya, na tukamwelekeza atumie gia ya chini, 2 au L, kabla ya kuanza kushuka.

Angesema pedali ilikuwa ngumu na gari halisimami, tungetafuta kwingine: pedi zilizopata joto kupita kiasi, au busta, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wa dereva. Busta inapimwa bila spana. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta inafanya kazi. Isiposhuka, angalia bomba la mpira linaloleta mvuto wa hewa kutoka kwenye injini kabla ya kumwambia mtu anunue busta.

Pedali inayozama polepole ukiwa umeishikilia ni mvujo. Tafuta unyevu upande wa ndani wa kila tairi. Kama kote ni kukavu, masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali, inavujisha kwa ndani. Pedali laini kama sponji ni upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, na hapo unatoa upepo huku ukihakikisha kikopo cha mafuta hakikauki hata mara moja.

Sasa pedi. Ukizitoa, usizitupe kabla hujazilinganisha. Niliwahi kubadilisha pedi za mbele za gari moja, wiki chache likarudi linalia chuma kwa chuma, ya ndani imekwisha na ya nje bado nene. Kosa lilikuwa langu. Pini ambazo kalipa inatelezea zilikuwa zimekauka na kutu, na mimi nilifunga pedi mpya juu ya ugonjwa uleule. Pini zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inaharibu mipira yake.

Tairi moja likiwa la moto kuliko mengine na haligeuki kwa urahisi, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo ya tairi hilo. Likiachia, kuna presha iliyofungiwa, na mara nyingi bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa limevimba kwa ndani ingawa kwa nje linaonekana zima. Lisipoachia, pistoni au pini zimeganda.

Jambo moja nakusihi sana: usiongeze oili ya injini wala ya pawa stelingi kwenye kikopo cha breki, hata dereva akiwa na haraka. Mipira yote inavimba, kuanzia masta hadi kalipa, na mwenye gari analipa vifaa vyote kwa kosa la kijiko kimoja. Vumbi la breki nalo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani nyingine zina asibesto. Lilowanishe, lifute.

Ukimaliza kufunga pedi, pistoni umeirudisha nyuma, kwa hiyo ukikanyaga mara ya kwanza breki hazitashika kitu. Kijana mwenzangu alisahau hilo, akawasha gari akarudi nyuma moja kwa moja hadi ukutani. Kaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, kanyaga hadi pedali ipande na ikae. Kisha angalia tena mafuta kwenye kikopo, kaza nati za matairi, na jaribu breki kwa mwendo wa taratibu uani kabla hujamkabidhi mwenye gari funguo.